Nswi, Samaki na Bunju

Nilikuwa na miaka saba hivi nilipookota samaki ufukweni Bagamoyo, maji yalipokuwa yamekupwa. Alikuwa mnene, tumbo jeupe limevimba kama mpira, na ngozi yake ilikuwa na vimiiba vidogo vilivyonikwaruza kiganja. Nikakimbia naye nyumbani kifua mbele. Nilijua nimepata kitoweo.

Bibi alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi. Hakunipongeza. Aliinuka, akaninyang'anya yule samaki, akachimba shimo nyuma ya choo na kumfukia. Akanisugua mikono kwa majivu mpaka ikauma. Mimi nalia, nasema, "Bibi, samaki wangu!" Akanishika bega, akasema, "Huyo si samaki. Huyo bunju."

Nilikaa miaka mingi nikiamini kwamba bibi alikosea, maana bunju ni samaki, kila kitabu kinasema hivyo. Leo sina hakika kwamba alikosea. Nitaeleza ilivyokuwa.

Mwaka jana nilialikwa nyumbani kwa rafiki yangu Dar es Salaam, mahali ambapo watu kumi na kitu hukutana mara moja kwa mwezi kuzungumza vitabu. Chai, kashata, maneno mengi. Jioni ile mazungumzo yaliteleza, kama yanavyoteleza kila mara, yakafika kwenye swali la Kiswahili ni cha nani. Kaka mmoja msomi, anayeongea taratibu kama anahesabu fedha, akasema: "Tusidanganyane. Hawa watu wa pwani wamekaa baharini miaka elfu, halafu jina la samaki wamelitoa Uarabuni. Mtu asiyekuwa na neno lake la samaki ana nini baharini?"

Watu wakacheka. Mimi ndiye niliyekuwa mtu wa pwani mle ndani, macho yakanigeukia. Nikafungua mdomo, nikakosa la kusema. Kwa sababu ni kweli: samaki ni samak ya Kiarabu, tumeongeza irabu mwishoni tukaingia nalo jikoni. Nilirudi nyumbani kwangu Bunju na daladala ya usiku nikiwa nimenuna, kama mtu aliyetukaniwa mama yake.

Naam, naishi Bunju, kwenye barabara ya kwenda Bagamoyo. Jina la mtaa na jina la samaki yanafanana neno kwa neno. Binti yangu wa miaka tisa alikuwa hajui kwamba bunju ni kiumbe wa baharini mpaka nilipomwambia. Hilo nalo nitalirudia.

Wiki iliyofuata nilianza kutafuta. Na jambo la kwanza nililolipata lilinifanya nicheke peke yangu, kwa sababu nililisoma shuleni na kulisahau. Neno la zamani tulikuwa nalo, tena tunalo: nswi. Ukisoma ushairi wa kale wa kaskazini, wa Lamu na Mombasa, utakutana nalo. Kwingine hutamkwa nsi, kwingine isi. Wakomoro, ambao lugha yao ni ndugu wa damu na yetu, husema fi. Ukienda bara mpaka Rwanda na Burundi, ambako bahari hawana ila maziwa, utasikia ifi. Upande wa kusini, Wachewa wana nsomba na Wayao wana somba. Hakuna Mbantu aliyesubiri jahazi la Muskati ndipo ajue kumtaja aliyemo majini.

Kwa hiyo swali likabadilika. Haikuwa tena kwa nini hatukuwa na neno. Ilikuwa kwa nini tuliliacha.

Nikaenda Bagamoyo. Kisingizio changu kilikuwa kumjulia hali mjomba, ndugu yake marehemu mama, ambaye amevua tangu akiwa kijana mpaka magoti yalipomkatalia. Lakini njiani nilipita kwanza kwenye misheni ya Wakatoliki, ile iliyoanzishwa na mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, yenye ile njia ya miembe. Nilitaka tu kutembea mahali alipotembea Charles Sacleux.

Wengi wetu hatumjui Sacleux, na ni hasara. Alikuwa padre Mfaransa aliyefika pwani yetu mwaka 1879, kijana wa miaka 23, akakaa hapa karibu miaka 20 akikusanya mimea na maneno. Mimea kadhaa imepewa jina lake. Maneno yalimchukua muda zaidi: kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kuchapishwa Paris mwaka 1939, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 80. Uzuri wa kamusi ile ni kwamba hakutaka Kiswahili kimoja. Anakuonyesha hili ni la Unguja, hili la Mvita, hili la Amu, hili la Ngazija.

Mwaka huohuo wa 1939, kamusi ya Frederick Johnson ilitoka Uingereza, na hiyo ilikuwa na kazi nyingine. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikuwa umeshaamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia. Na Unguja, mji wa masultani na wa soko kubwa, ulisema samaki. Neno la Unguja likaingia kwenye vitabu vya shule, vitabu vikaenda Tabora na Nakuru, na neno likaenda navyo. Wakikuyu walilipokea wakalitamka thamaki, kwa ulimi wao. Nswi akabaki kwenye mashairi, kama babu anayekumbukwa siku za sikukuu tu.

Hapo ningeweza kuishia, nikarudi kwenye kile kikao cha vitabu na jibu langu mkononi. Lakini nilikuwa na hamu ya kujua kama jambo hili limewapata watu wengine wa majini, na utafutaji ukanipeleka mbali, kwa Wajerumani. Si ajabu sana. Bagamoyo iliwahi kuwa makao makuu ya koloni lao kabla hawajahamia Dar es Salaam mwaka 1891, na forodha yao bado inasimama pale ufukweni, karibu na mahali samaki wanapopigiwa mnada.

Kuna samaki wa maji ya baridi anaitwa samoni, yule mwenye nyama ya rangi ya chungwa anayepanda mito kwenda kuzaa. Wajerumani humwita Lachs. Wanorwe na Wadenmark humwita laks, Waswidi na Waaisilandi lax. Warusi nao wana losos na Walithuania lašiša. Ni neno kongwe mno, kongwe kuliko lugha zenyewe. Na Waingereza, ambao ni wa ukoo huohuo wa Kijerumani, walikuwa nalo pia: leax. Mito yao ilijaa samaki huyo. Wamemvua, wamemla, wamemkausha kwa karne nyingi wakimwita kwa jina lao.

Halafu mwaka 1066 Wanormani walivuka bahari wakaitwaa Uingereza, na Kifaransa kikawa lugha ya mabwana. Kidogo kidogo leax akafa, akaja salmon, jina la Kifaransa lenye asili ya Kilatini. Mto uleule, samaki yuleyule, wavuvi walewale. Je, kuna mtu aliyewahi kuwaambia Waingereza kwamba hawakuwa na samoni mpaka Wafaransa walipowaletea? Nilipofika hapo nilitamani daladala inirudishe kwenye kile kikao usiku uleule.

Kisa hakikuishia hapo. Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, waliosema Kiyidi, ambacho kimezaliwa na Kijerumani, waliendelea kumwita laks. Walipohamia New York walikwenda naye, na katika karne ya 20 Waingereza na Wamarekani wakalipokea neno hilo kama neno geni: lox, samoni wa kutiwa chumvi anayeliwa na mkate. Yaani mtoto aliyefukuzwa nyumbani karibu miaka elfu iliyopita amerudi kwa mlango wa nyuma, na watu wa nyumbani wanamkaribisha kama mgeni.

Kuna kipande kingine kilichonigusa zaidi. Kwa muda mrefu wataalamu walilitumia neno hili kutafuta chimbuko la watu wa Ulaya: walisema, kama wote wana jina moja la samoni, basi mababu zao waliishi penye samoni, pwani za kaskazini. Mwanzoni mwa karne ya 20 yakafukuliwa maandishi ya lugha iliyokufa, Kitokari, huko jangwani magharibi mwa China, mbali na bahari yoyote. Na humo ndani lipo neno laks. Ila maana yake si samoni. Maana yake ni samaki, samaki yeyote.

Nililisoma hilo nikakaa kimya. Watu walioondoka kwenye mto, wakaenda mahali ambapo yule samaki mmoja hayupo. Jina wakabaki nalo, lakini likavuliwa mwili. Zamani lilimtaja mmoja anayejulikana kwa sura na tabia. Sasa linawataja wote, yaani halimtaji yeyote.

Hayo yote nilikuwa nayo kichwani nilipobisha hodi kwa mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba," akanijibu, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo pande zote mbili. Alikuwa amekaa kibarazani anashona wavu ambao si wake. Ngalawa yake ameshaiuza. Anashona wa vijana, wanampa cha chai.

Nikamsimulia habari ya kile kikao, kisha nikamwuliza kama amewahi kusikia mtu wa Bagamoyo akisema nswi. Akafikiri. "Hapana. Labda watu wa Lamu. Mimi hilo sijalisikia." Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Lakini huyo rafiki yako kauliza swali la sokoni."

"Kivipi?"

"Nani anasema samaki?"

Sikuelewa. Akaniambia, "Mimi nimevua miaka zaidi ya arobaini. Tukiwa majini hakuna mtu anayesema samaki. Tunasema pale pana changu. Tunasema leo nguru wapo. Mwenzio akikamata mshipi unamwuliza, chewa? Anakwambia, taa. Ukirudi nyumbani mkeo hasemi samaki, anasema kitoweo kiko wapi. Anayesema samaki ni nani? Ni mnunuzi. Anakuja pale na gari lake, anauliza, samaki bei gani? Hajui anachokiona."

Basi nikatoa daftari. Nilimwambia anitajie majina, nami nitaandika. Akaanza na wa miambani na kwenye majani ya bahari: changu, chewa, tasi, pono, kolekole. Akaingia wenye miili ya ajabu: taa, papa, pweza, ngisi. Kwa kila jina alikuwa na maneno mawili matatu. Tasi ana miiba yenye sumu, ukimtoa wavuni usimshike mgongo. Mkizi hurukia chomboni mwenyewe, ndiyo maana watu husema hasira ya mkizi ni tijara ya mvuvi. Nilisimamisha kalamu hapo, kwa sababu niliona kitu: methali zinazosema samaki zinatufundisha sisi, samaki mkunje angali mbichi, samaki mmoja akioza. Ni methali za watu walio nchi kavu wanaomtazama samaki ndani ya tenga. Hii ya mkizi imesemwa na mtu aliyekuwa ndani ya chombo.

Halafu akaenda maji makubwa: jodari, sehewa, na kanadi, kama wengine wanavyomwita nguru. Hapa mimi ndiye niliyekuwa na la kumwambia. Ukienda Omani leo, jodari mwenye mapezi ya njano anaitwa jaidhar, jodari mwingine anaitwa sahwa, na nguru anaitwa kan'ad. Mjomba akaacha kushona.

"Kumbe."

"Kumbe, mjomba."

Akatabasamu. "Ni wasafiri hao. Jodari hana kwao. Na waliokuwa wanamfuata nao walikuwa wasafiri. Kaskazi inawaleta, kusi inawarudisha. Mlikutana hukohuko nje, mkaulizana, huyu mnamwitaje? Mkaafikiana."

Mimi si mwanaisimu na sitathubutu kusema mjomba ameeleza sheria ya lugha. Lakini hebu lilinganishe daftari langu: wale wa karibu na ufukwe, wa kwenye dema na uzio, wale ambao hata mwanamke au mtoto anaweza kuwafikia kwa miguu maji yakikupwa, karibu wote wana majina ambayo huwezi kuyapata kwenye kamusi ya Kiarabu. Wale wa bahari kuu baadhi yao wanaitwa kwa majina ambayo sisi na watu wa Omani tunaelewana bila mkalimani. Na juu ya wote, kama turubai lililofunika mzigo, lipo neno la soko: samaki. Mtu akiangalia turubai peke yake atasema mzigo wote ni wa mgeni.

Nilitaka kumpigia simu yule kaka msomi palepale kibarazani. Mjomba ndiye aliyeniharibia furaha, na hakukusudia.

Akaniuliza, "Na wewe mjomba, ukienda pale mnadani sasa hivi, utawatambua wangapi?"

Nikasema kumi. Akasema twende.

Tukaenda, yeye na fimbo yake, mpaka pale karibu na forodha ya zamani. Wakaanga samaki walikuwa wameshawasha, moshi na harufu ya mafuta vimejaa. Kwenye turubai lilikuwa limemwagwa fungu la asubuhi. Mjomba akawa ananyooshea fimbo, kama mwalimu. Pweza nilimjua, nani asiyemjua pweza. Taa nilimjua. Nguru, nikasema nguru. Kolekole nikamwita changu. Tasi, yule ambaye nimemwandika saa moja iliyopita kwa kalamu yangu mwenyewe, sikumtambua. Kijana mmoja mwenye tenga akacheka. Nilipata sita, na mmoja kati ya hao nilibahatisha.

Mjomba hakusema neno. Alinunua tasi wawili, akampa kijana fedha, tukarudi.

Njiani ndipo nilipomkumbuka bibi na lile shimo nyuma ya choo. Bunju ana sumu kwenye ini, mayai na ngozi, sumu ambayo haiishi hata ukimpika, na hospitali hazina dawa ya kuiondoa mwilini. Ningekuwa mtoto wa mahali ambapo kila kilichotoka majini kinaitwa samaki tu, ningemla. Jina ndilo lililoniokoa, si busara yangu. Bibi aliposema "huyo si samaki" alikuwa anasema kitu ambacho kamusi haikisemi: kwamba kwa mtu mwenye kula, neno la jumla halitoshi, na wakati mwingine linaua.

Yule kaka alitushtaki kwamba tuliazima neno, nami nilikuwa nimejiandaa kwa utetezi: Waingereza nao waliazima, kila mwenye bandari huazima. Utetezi huo bado ni sahihi na nitautoa nikiulizwa. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa hapahapa Bagamoyo, aliandika habari za desturi zetu katika kitabu kilichotoka Ujerumani mwaka 1903, akaenda kuwafundisha Wajerumani Kiswahili hukohuko Berlin, na sidhani kama aliwahi kuona haya kwa neno lolote la Kiarabu lililokuwa mdomoni mwake. Lilikuwa lake.

Lakini shtaka lenyewe lilikuwa limeelekezwa kusiko. Kosa langu si kwamba nasema samaki badala ya nswi. Kosa langu ni kwamba nasema samaki badala ya tasi. Nimekuwa yule mtu wa jangwani: nimeondoka kwenye maji, nimebaki na neno moja la wote. Na mimi sikwenda China. Nilikwenda Bunju, kama saa moja kwa daladala.

Tangu hapo nakwenda Bagamoyo kila Jumamosi ya pili, na binti yangu hunifuata. Daftari sasa ni lake, mwandiko wake unasomeka kuliko wangu. Ameandika majina 58. Kwa kila jina anamwuliza mjomba maswali matatu: anakaa wapi, anavuliwa kwa nini, ana ubaya gani. Hilo la tatu alilibuni mwenyewe baada ya kusikia habari ya bunju. "Kwa hiyo baba, sisi tunakaa kwenye sumu?" aliniuliza, na tangu hapo anapenda kuwaambia wenzake shuleni.

Nilimweleza pia habari ya nswi, nikidhani atalipenda. Akalijaribu mara mbili, akasema linasikika kama mtu anamfukuza paka. Sikubishana naye. Amelichora kwenye jalada la daftari kwa rangi ya bluu, na paka pembeni.

Mjomba naye halali. Juzi simu ililia saa kumi alfajiri, nikaruka kitandani nikidhani ni msiba.

"Mjomba, umelala?"

"Nimelala, mjomba. Kuna nini?"

"Hamna kitu. Yule pono, tulimwandika?"

"Tulimwandika, siku ya kwanza."

"Mliandika kwamba usiku analala fofofo, unamkuta mwambani hana habari na dunia?"

Nikasema hatukuandika.

"Basi andika. Ndiyo maana mtu anaambiwa amelala kama pono. Kama wewe." Akakata simu.

Nikawasha taa, nikalitafuta daftari.